Dawa ya Midomo ya Kijani

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi yoyote ila kungoja. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha. Mama alichoka kuniona nikiketi mlangoni na kuchambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, akanituma Tawa kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyekuwa na duka la vitambaa, nyuzi, mafuta ya nywele na sabuni za kunukia. Duka lilikuwa mlango wa tatu kutoka kinu cha posho, kwa hiyo kila kitu ndani yake, mimi nikiwemo, kilikuwa na unga kidogo.

Mama mdogo alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alizungumza haraka, alikula haraka, aliomba haraka. Jambo moja tu alilifanya polepole, nalo ni kuongoza kwaya ya akina mama kanisani. Na katika kanisa letu, uso wa mwanamke ulikuwa jambo zito. Mafuta ya kujipaka yaliruhusiwa, hata ukang'aa kama sufuria mpya. Poda ilikuwa ya mtoto mchanga. Rangi ya mdomo ilikuwa ya wanawake wanaouza bia huko barabara ya Mombasa, na mchungaji wetu alikuwa ameigusia mara mbili tangu Pasaka, bila mtu yeyote Tawa kuonekana ameipaka.

Sasa siku moja ya soko akaingia mwanamke mrefu kutoka Nairobi, na sanduku la bluu mkononi. Alilifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ndani mlikuwa na vijiti vya rangi ya mdomo vimepangwa kama risasi, kibati kimoja kidogo cha mafuta ya midomo, poda za aina tatu, na wanja.

"Dada, sikuuzii," alisema. "Nakuachia ujaribu. Mwezi ujao nikipita uniambie gani inafaa watu wa huku, nikuletee hiyo. Isiyofaa narudi nayo."

Mama mdogo alilifunga lile sanduku kwa nguvu kana kwamba ameona mkia wa nyoka. Lakini niliona hakulirudisha. Aliliweka chini ya meza, akalifunika kwa kitambaa cha pazia, na yule mwanamke alipoondoka akanigeukia.

"Wewe umeokoka?"

"Nimeokoka, mama mdogo."

"Lini?"

"Nikiwa form two."

Alihesabu miaka kwa vidole. "Basi imeshika. Haiwezi kutoka kwa sababu ya rangi kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Masharti yalikuwa machache. Nitajaribu kitu kimoja kwa siku, nyuma ya pazia, mahali alipoweka cherehani, na wateja wasinione. Nitaandika katika daftari kila nilichokiona, kuanzia kupaka hadi kunawa.

"Na usiniandikie 'nzuri'," alinionya. "Nzuri hainiambii kitu. Andika kama unamwandikia mtu ambaye hana kioo."

Niliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Daftari lile nimekaa nalo miaka mingi, na mwandiko wake ni safi kuliko wa mtihani wangu. Namba moja: "Nyekundu. Mtu ataiona akiwa ng'ambo ya mto. Ladha yake ni ya mshumaa. Kwa kikombe cha kwanza cha chai ilitoka mdomoni ikakaa kwa kikombe, na kwa kikombe haitoki." Namba mbili ilikuwa poda: "Imetengenezewa mtu mwingine. Nilipojipaka, mteja aliyechungulia pazia aliniuliza kama kinu kimefunguliwa, anataka kusaga." Namba tatu, kahawia: "Ukipaka, mtu anakuambia ujipanguse mdomo."

Siku ya nne nikagunduliwa. Susu, yaani nyanya yangu, mama wa mama mdogo, aliishi nyuma ya duka na hakujua kubisha. Aliinua pazia akanikuta nimejipaka rangi ya zambarau.

"Aiya! Mwana wakwa! Mwanangu, nani amekupiga?"

Nilimweleza. Alikaa juu ya kiti cha cherehani, akauliza maswali mengi ya maana, kisha akasema haki ni haki, yeye pia ana midomo. Nikampa kibati cha mafuta ya midomo, kilichonukia tunda ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kulila. Alichovya kidole, akapaka, akalamba. Akapaka tena. Akalamba. Nilipomaliza kuhudumia mteja na kurudi, nusu ya kibati ilikuwa imekwisha. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema: "Ni tamu, lakini haishibishi." Baada ya siku tatu nikaongeza yangu chini yake: "Midomo ya susu imekuwa laini siku tatu. Haina rangi. Tumbo halikumuuma."

Mambo yangeenda hivyo bila shida kama mama mdogo asingeenda Machakos kununua vitambaa. Alikaa huko siku mbili, duka likaachiwa mimi, na kwa kuwa shule moja ilikuwa imeagiza sare mpya nilikata vitambaa kutoka asubuhi hadi jioni bila kugusa sanduku. Siku ya tatu aliporudi nilijua ataulizia daftari. Mchana huo, akiwa amelala kidogo kwa uchovu wa safari, nilijaribu namba saba, nane na tisa kwa mkupuo, moja baada ya nyingine.

Namba saba kilikuwa kijiti cha kijani. Kijani kabisa, kama jani. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hata herufi zake sikuzijua. Nilipaka, nikatazama kioo hapo hapo, sikuona rangi yoyote. Nikaandika: "Ukiipaka haina rangi. Inanuka kama dawa. Inalainisha. Nadhani ni ya midomo iliyopasuka." Nikajipangusa kwa kitambaa, nikapaka namba nane, nyekundu iliyoiva, halafu namba tisa. Jioni nilipojisugua, wekundu haukutoka. Nilitumia sabuni, nikatumia magadi, nikatumia limau. Niliandika kwa hasira mbele ya namba nane: "Hii ni hatari. Haitoki. Asiuziwe mtu anayeogopa mume au Mungu." Siku mbili nilizunguka nikiwa nimefunga leso mdomoni, nikisema jino linaniuma.

Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba namba nane haikuwa na kosa.

Agosti ikaingia na upepo wake. Mtu asiyeujua upepo wa Makueni wakati wa kiangazi hawezi kuelewa habari ya midomo. Unakuja mkavu, una vumbi, na unaingia hata ulipofumba. Mwaka huo ulikuwa mbaya zaidi. Watu walisalimiana bila kutabasamu, si kwa chuki, bali kwa sababu ukitabasamu unapasuka. Wengine walijipaka mafuta ya ng'ombe, wengine mafuta ya kupikia, na nzi wakawafuata.

Na Jumapili ile tulikuwa tunatembelewa na kwaya ya kanisa moja la Kilungu, huko milimani ambako kuna ukungu na maparachichi na midomo ya watu haijui shida. Mazoezi ya Ijumaa yalikuwa aibu tupu. Akina mama kumi na wawili wa kwaya yetu hawakuweza kufungua mdomo kwa noti za juu. Mmoja wa sauti ya kwanza alifika kwenye "utukufu" damu ikatoka.

Mama mdogo alirudi nyumbani na uso mgumu. "Leta daftari," aliniambia. "Nisomee ya midomo iliyopasuka, ambayo haionekani."

Nilimsomea ya kibati. Alitikisa kichwa, susu alikuwa amekimaliza. Nikamsomea namba saba.

Alikichukua kile kijiti, akakifungua, akakinusa. Uso wake ulilainika.

"Kijani," alisema. "Inanuka dawa. Hii ni mwarobaini."

"Sijui, mama mdogo. Sikuweza kusoma."

"Umepaka?"

"Nimepaka."

"Na haina rangi?"

"Haina rangi," nilisema, na nilikuwa nasema kile nilichokiona.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, akina mama wa kwaya walisimama kando ya tangi la maji nyuma ya kanisa wakiwa na sare zao nyeupe, na kile kijiti kikazunguka mkono kwa mkono. "Ni mwarobaini," walisikika wakiambiana. "Wa kizungu, lakini ni mwarobaini." Kila mmoja alipaka kwa wingi, jinsi watu wanavyotumia dawa. Mama mdogo alipaka mwisho. Kisha akamwita mke wa mchungaji, ambaye midomo yake ilikuwa imechanika vibaya, akampa kilichobaki. Mke wa mchungaji alishukuru, akaingia nacho katika chumba kidogo alimokuwa mumewe akijiandaa.

Mimi nilikaa benchi la tatu na susu. Kwaya yetu iliingia ikapanga mistari miwili, mama mdogo akasimama mbele yao akiwa ametugeuzia mgongo. Wakaanza. Na nitasema ukweli, walianza vizuri sana. Midomo ilifunguka. Sauti zilipanda hadi kwenye mabati. Niliwaona wageni wa Kilungu wakiacha kunong'ona.

Ubeti wa pili nikaona kitu kama kivuli kwenye mdomo wa yule aliyetoka damu Ijumaa. Nikadhani ni damu tena. Halafu nikaona jirani yake. Halafu wa pili kutoka mwisho. Rangi ilikuwa inakuja polepole, kama anga ya asubuhi, kwanza waridi hafifu, kisha waridi kamili, kisha rangi ambayo sina jina lake hadi leo, kali kama ua la karatasi. Kila mwanamke alikuwa anaiona kwa mwenzake na hakuna aliyejua ya kwake. Walianza kutazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akishangaa mwenzake amepata wapi ujasiri huo ndani ya nyumba ya Bwana.

Mikono ya mama mdogo ilianza kupunguza mwendo. Alikuwa anatazama midomo kumi na miwili ikiiva mbele yake. Na wao, kwa namna macho yao yalivyokuwa yamewatoka, nilijua wanatazama wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Namba saba. Si namba nane, namba saba.

Wimbo ulikuwa na beti sita. Beti mbili za mwisho waliziimba wamefumba midomo, wakivuma tu kama nyuki. Katika kimya kilichofuata, susu, ambaye masikio yake yalikuwa yamepungua na kwa hiyo hakujua kunong'ona, aliniuliza kwa Kikamba chake chote: "Wamekula nini hawa?"

Kisha mlango wa kile chumba kidogo ukafunguka, mchungaji akaingia.

Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na koti jeusi. Na katikati ya heshima hiyo yote kulikuwa na mdomo wa waridi.

"Bwana asifiwe!" alisema.

Sauti chache nyembamba zikasema amina.

"Nasema, Bwana asifiwe!"

Watu waliinamisha vichwa. Mabega yalianza kutikisika. Mzee mmoja wa kanisa alitoa kitambaa akajifunika uso. Mke wa mchungaji, kwenye benchi la mbele, alikuwa ameziba mdomo wake kwa leso, na kwa mkono mwingine anamwonyesha mumewe ishara, anagusa leso, anamwonyesha yeye, anagusa leso tena. Mchungaji alimtazama, akaona machozi machoni pake, akaona waumini wake wameinama wakitetemeka. Akaamini Roho ameshuka.

Sijawahi kumsikia akihubiri kama siku hiyo. Alihubiri saa nzima na nusu juu ya shukrani. Kadiri watu walivyozidi kulia, ndivyo alivyozidi kupaza sauti. Alisema, "Usione haya, ndugu! Lia tu! Acha Bwana akuguse!" Na watu wakalia kweli, maana mtu akizuia kicheko muda mrefu hivyo huumia mbavu.

Nje, baada ya ibada, watu walimsalimia wakitazama viatu vyake. Ni susu aliyemwendea moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili.

"Mchungaji," alisema, "leo umependeza."

Mchungaji akajigusa mdomo. Alitazama kidole. Lori lililoleta kwaya ya Kilungu lilikuwa limeegeshwa hapo karibu, akalikaribia, akainama kwenye kioo cha pembeni, na akakaa hapo muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kujitambua. Kisha akatembea kurudi kwenye chumba chake, mgongo umenyooka, akafunga mlango.

Kiongozi wa kwaya ya Kilungu alimvuta mama mdogo kando. Nilidhani anakuja kumfariji. "Dada," alimnong'oneza, "mmenunua wapi?"

Jumatatu mchungaji alikuwa na mazishi. Aliyaendesha akiwa ameweka kitambaa mdomoni, na familia ya marehemu wakasema hawajawahi kuona mtumishi mwenye huruma kiasi hicho. Jumanne mchana mama mdogo akaitwa na wazee wa kanisa.

Nilikuwa sijalala vizuri. Mama mdogo hakuwa amenigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Siku mbili alikuwa anapima vitambaa, anakata, anapima tena, na rangi ile bado iko mdomoni mwake. Alipojifunga leso kwenda kanisani, nilichukua daftari nikamfuata.

"Rudi dukani," aliniambia.

"Mimi ndiye niliandika haina rangi."

Tukaenda pamoja.

Walikuwa wazee watatu na mchungaji, wamekaa nyuma ya meza. Mmoja wa wazee alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekwenda mara kwa mara hadi Tseikuru kununua mifugo, na jua la huko lilikuwa limempasua midomo ikawa kama gome la mti. Mwenyekiti wao aliuliza ni nani alileta rangi kanisani. Mama mdogo alifungua mdomo wake wa waridi kujibu, lakini nilimtangulia. Niliwaambia yote, nikasema nina ushahidi, nikafungua daftari nisome namba saba.

"Anza mwanzo," alisema mwenyekiti. "Tusikie jinsi ilivyokuwa."

Nikaanza mwanzo. Nilisoma namba moja, ya ng'ambo ya mto. Nilisoma poda na mteja wa kinu. Hakuna aliyecheka, walisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya mwaka. Nilipofika kwenye kibati na susu, mfanyabiashara wa ng'ombe aliinua mkono.

"Hiyo. Soma tena hiyo."

Nikasoma tena.

"Siku tatu laini? Na haina rangi hata ukikaa?"

"Haina, mzee. Hiyo tulikaa nayo siku tatu. Hii ya kijani ndiyo nilifanya haraka, nikapaka nyingine juu yake, nikadhani kosa ni la namba nane."

"Ni pesa ngapi hiyo ya kibati?"

"Mzee," mwenyekiti alimkatiza, "tuko kwa kikao."

"Najua tuko kwa kikao. Nauliza tu."

Nikasoma namba nane: asiuziwe mtu anayeogopa mume au Mungu. Hapo mchungaji alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Aliondoa kitambaa mdomoni. Rangi ilikuwa imepungua, lakini bado ilikuwepo, na chini yake alikuwa anacheka. Alicheka hadi akaweka kichwa juu ya meza.

"Nilihubiri saa moja na nusu," alisema alipopata pumzi. "Nilimwambia mke wangu jioni hiyo, angalau watu wameguswa."

Wazee wakatazamana, kisha wakakata tamaa, wakacheka pia, mfanyabiashara wa ng'ombe akiwa ameshika midomo yake kwa vidole viwili isipasuke. Uamuzi ulikuwa mfupi. Mama mdogo hakuwa na dhambi, alikuwa na haraka, na mimi pia. Rangi ya mdomo ilibaki marufuku kama ilivyokuwa. Mafuta ya kibati yalihesabiwa kuwa dawa.

Njiani kurudi mama mdogo alitembea mbele yangu. Tulipofika penye mwamba karibu na daraja alisimama ghafla, akashika magoti, mabega yakaanza kutikisika. Nilimkimbilia.

"Uliwaona," alisema, machozi yakimtoka, "uliwaona sauti ya pili? Ubeti wa nne? Kila mmoja ananitazama kwa hukumu!" Akaketi juu ya mwamba, nami nikaketi, tukacheka hadi mtu mmoja aliyekuwa anapita na punda wake wenye mitungi akasimama kutupa pole.

Yule mwanamke wa sanduku alirudi mwisho wa mwezi. Mama mdogo aliagiza vibati vingi, akamrudishia poda zote, kisha akaweka juu ya meza kile kijiti cha kijani, kilichobaki kipande kama ukucha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hiyo?" Mwanamke alishangaa. "Hiyo dada ndiyo inapendwa kuliko zote. Inakaa siku nzima. Nilidhani mnaijua." Alimtazama mama mdogo kwa makini, kama fundi anavyotazama nguo. "Wewe mwenyewe uliipaka?"

"Nilipaka."

"Na ikakukaa?"

Mama mdogo alitazama nje, kule kinu kilikokuwa kinanguruma na watu wakipanga foleni na magunia yao.

"Ilinikaa vizuri sana," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida."